Moshi wa Nguo Uko Kwenye Maji ya Moto: Majibu kwa Wasomaji wa Kigoma na Tabora

Barua nyingi za toleo hili zinahusu jambo moja: namna ya kutengeneza nguo bila kumwaga hewa ukaa nyingi angani na bila kumaliza miti. Tumechagua tano. Kwanza tutaje takwimu moja itakayosaidia kuyaelewa majibu. Mwaka 2018 kampuni ya Quantis ilipima uzalishaji wa nguo duniani na kugundua kwamba kutia rangi na kumalizia kitambaa kunachukua karibu asilimia 36 ya hewa ukaa yote ya nguo, kusokota nyuzi asilimia 28, kulima na kutengeneza malighafi asilimia 15. Kushona ni asilimia 7 tu, na usafirishaji hadi dukani asilimia 1. Rangi inaongoza kwa sababu inahitaji maji, na maji hayo lazima yapashwe moto. Hivyo ndivyo ilivyo kiwandani, na ndivyo ilivyo pia uani kwa mama wa batiki, anayechora kitambaa kwa nta kabla ya kukitia rangi.

SWALI: Habari za kazi wahariri. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Ujiji tunaotengeneza batiki kwa rangi za vati. Kwa siku tunamaliza vitambaa 12 vya pamba, kila kimoja mita 5. Tunachemsha mapipa matatu ya lita 100 juu ya mafiga, kutoa nta na kufulia. Kuni zinatumaliza, na sasa tunaambiwa kazi yetu inachafua hewa. Tupunguzeje? – Katibu wa kikundi, Ujiji

JIBU: Nzuri, mama katibu, poleni na moshi. Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayowaonyesha pa kushika. Kupasha lita 300 kutoka nyuzijoto 25 hadi 95 kunahitaji joto la megajuli 88 hivi. Mafiga matatu yanaingiza kwenye maji takriban asilimia 12 ya joto la kuni, lililobaki linakwenda na upepo. Ili maji yapate hizo 88, kuni lazima zitoe zaidi ya megajuli 730, na kilo moja ya kuni kavu hutoa kama 15. Mnachoma karibu kilo 49 kwa siku, na kila kilo ya kuni hutoa kilo moja na nusu au zaidi ya hewa ukaa. Zikitoka kwenye shamba la miti linalochipuka tena, miti hiyo huinyonya tena hewa ukaa kadiri inavyokua. Zikitoka kwenye pori linalokatwa bila kurudi, yote inabaki angani.

Msikimbilie kununua jiko. Anzeni na maji, kwa sababu maji msiyoyachemsha hayahitaji kuni hata kidogo. Vitambaa vyenu 12 vikiwa vikavu vina uzito wa kilo 9 hivi. Lita 300 kwa kilo 9 ni zaidi ya lita 33 kwa kila kilo, na chini ya nusu ya hizo zinatosha. Kwenye pipa la lita 100 tieni lita 60 tu. Chemsheni vitambaa vinne kwa mpigo, kisha vinne vingine, kisha vinne vya mwisho, katika maji yaleyale. Nta inaelea juu, kwa hiyo maji ya awamu ya tatu yanafaa kama ya kwanza mradi muwe mnaiengua. Lita 60 nyingine ni za kufulia kwa sabuni. Jumla lita 120.

Kabla ya kuchemsha, loweka kitambaa kwenye maji baridi, kisha kikunje na kukisugua. Nta baridi inakatika kama gamba. Sehemu kubwa itadondoka hapo bila moto, na ni nta safi ya kurudia. Halafu kuna makosa mawili yanayofanya watu wachemshe mara mbili. La kwanza ni kutia sabuni au soda ashi (magadi ya kiwandani) kwenye maji ya kwanza: nta ya nyuki huanza kugeuka sabuni, maji yanakuwa meupe kama maziwa, na huipati nta yako tena. Maji ya kwanza yawe matupu. La pili ni kuacha maji yapoe kitambaa kikiwa ndani, nta inagandia palepale ilipotoka. Engua nta juu ya maji yakiwa bado yanachemka, sukuma iliyobaki pembeni kwa ubao, vuta kitambaa haraka na kukitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi huku ukikitikisa. Punje zilizobaki zitaganda na kudondoka.

Nta iliyookolewa ina maji ndani. Iyeyushe kwa moto mdogo hadi iache kutoa mapovu, la sivyo itaruka na kuunguza. Ikishika moto usimwagie maji: funika kwa mfuniko wa bati na uondoe kuni. Nta ya mshumaa ni zao la mafuta ya petroli, kwa hiyo kila kilo mnayoirudia ni kilo isiyochimbwa. Mkipata nta ya nyuki kutoka Tabora, changanyeni sehemu mbili za nyuki kwa tatu za nta ya mshumaa. Ya nyuki inashika bila kupasuka, ya mshumaa inaleta zile nyufa wanunuzi wanazozipenda.

Sasa mfuniko. Wengi huudharau, nasi tunausisitiza kuliko kitu kingine chochote katika jibu hili. Lita moja ya maji inayogeuka mvuke huondoka na joto linalotosha kuchemshia lita saba nyingine zilizo baridi. Pipa lililo wazi linalotokota saa nzima linapoteza lita kadhaa. Bati lililokatwa duara, lenye mpini wa mbao, linatosha. Na maji yakishachemka, punguzeni moto. Maji yanayotibuka si ya moto kuliko yanayochemka taratibu, na nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 65 tu.

Jua nalo liwasaidie. Pipa lililopakwa rangi nyeusi, limefunikwa karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, likaachwa juani tangu asubuhi, litawapa maji ya nyuzijoto 45 mchana bila shida. Hapo karibu theluthi ya kazi ya kuni imeshafanyika.

Baada ya hayo ndipo jiko. Jiko banifu la matofali linalolizunguka pipa, likiacha mwanya wa sentimita 1.5 hadi 2 kati ya ukuta na pipa, hupandisha matumizi ya joto hadi asilimia 25 au 30. Mwanya ukiwa mpana, moto unapita bila kugusa pipa, ukiwa mwembamba sana, moto unakosa pa kupumulia na moshi unarudi mlangoni. Wekeni wavu chini ya kuni ili hewa ipite. Kuni ziwe nyembamba, unene wa kifundo cha mkono, zilizopasuliwa na kukaushwa miezi mitatu au zaidi. Kuni mbichi ni nusu maji, na joto lake la kwanza linaishia kukausha yale maji. Hapo Ujiji mna jambo ambalo Tabora hawana: vifuu na makapi ya chikichi. Vifuu vikavu vinatoa joto kali na vinafaa sana jiko lenye wavu. Vikilowa vinatoa moshi mzito, kwa hiyo vihifadhiwe chini ya paa.

Kwa lita 120 zilizoanza na nyuzijoto 45 kwenye jiko la asilimia 28, hesabu inashuka hadi kilo 6 za kuni. Upepo na haraka za kazi vitaipandisha, tuseme kilo 8 hadi 10 badala ya 49.

Maji ya rangi ya vati yaliyokwisha msiyamwage ziwani. Yaacheni kwenye ndoo wazi usiku kucha. Hewa itaimaliza nguvu ya haidro, ule unga wa kuyeyushia rangi ya vati, na rangi isiyoyeyuka itatua chini. Maji ya juu yamwagwe kwenye shimo la kunyonyea, mbali na kisima. Haidro yenyewe ikae kwenye kopo kavu lililofungwa, maana ikipata unyevu huweza kujiwasha. Na kostiki (soda kali) isikaribie sufuria ya alumini: inaila na kutoa hewa inayolipuka. Tumieni ndoo ya plastiki au chombo cha chuma cha pua.

SWALI: Nimesikia kuna kutia rangi bila kuchemsha kabisa. Je, rangi inadumu? Na vipi gharama? – Msomaji, Tabora Mjini

JIBU: Inadumu, ndugu yetu, ikiwa rangi ni ile ya riaktivu ya baridi, kwa mfano Procion MX, na kitambaa ni pamba. Rangi hii haikai juu ya uzi, inafungamana nao kabisa, na haihitaji zaidi ya joto la chumbani. Viwanda vina njia iitwayo kulaza: kitambaa kinaloweshwa rangi na magadi ya kiwandani, kinafungwa nailoni, kinalazwa usiku kucha. Hapa tunaipunguza iwe ya ndoo.

Kwa kilo moja ya kitambaa kikavu: yeyusha gramu 250 za soda ashi kwenye lita 5 za maji, loweka kitambaa dakika 20, kikamue vizuri. Pembeni yeyusha gramu 20 hadi 30 za rangi kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, na zaidi ya hapo ukitaka nyeusi iliyokolea. Ukiwa na urea, gramu 50 husaidia rangi iyeyuke na kitambaa kisikauke kikiwa kimelazwa. Vaa barakoa unapopima ungaunga, kwa sababu ukivutwa kifuani unaweza kuleta pumu ya kudumu. Mimina rangi juu ya kitambaa kwenye beseni, kikande kama unga wa maandazi hadi kusibaki doa jeupe, kifunge ndani ya mfuko wa nailoni bila hewa, na ukilaze saa 12 hadi 24. Joto lisishuke chini ya nyuzijoto 20. Juni na Julai usiku wa Tabora ni baridi, basi mfuko ulale ndani ya nyumba, umefunikwa magunia, kwa saa 24 kamili. Rangi ya feruzi ni mvivu kuliko zote, ipe joto na muda zaidi.

Njia hii haina chumvi hata chembe. Anayezamisha kitambaa kwenye lita 20 za maji anahitaji zaidi ya kilo moja ya chumvi ili rangi iyaache maji na kuufuata uzi, na chumvi hiyo yote huishia kwenye udongo. Hata kama ni ya hapo Uvinza na bei yake ni rafiki, ni afadhali isihitajike.

Kuosha ndiko kunakoharibu kazi. Suuza kwa maji baridi mara tatu hadi utelezi wa soda uishe, ndipo uloweke kwenye maji ya moto ya nyuzijoto 60 au zaidi kwa nusu saa, mara mbili. Ukiruka hatua ya baridi ukaanza na moto, soda iliyobaki huweza kuivunja rangi iliyokwishashika. Ukiruka hatua ya moto, rangi ambayo haikufungamana inabaki ndani na kuchafua nguo nyingine kwenye beseni la mteja, naye atasema rangi yako inachuja. Hayo maji ya moto ndiyo pekee utakayolipia kuni: lita 10 kwa kila loweko zinatosha. Chombo kikishafunikwa, kizungushie gunia lenye pumba za mpunga, litahifadhi joto bila moto.

Madoa yakitokea, mara nyingi kosa ni wanga wa kiwandani. Fua kitambaa kipya kwanza, kisha dondoshea tone la maji: likinyonywa papo hapo, endelea. Likibaki limesimama, rudia kufua. Rangi isiposhika kabisa, choma uzi mmoja. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi ukiacha kidonge kigumu cheusi, hiyo ni poliesta, na rangi hii haitaishika hata ukiilaza wiki. Kuhusu gharama: Unachookoa ni kuni, chumvi na maji.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni fundi cherehani hapa Urambo, nashona sare za shule. Nina cherehani mbili za umeme na overloki. Nikinunua mota za sevo nitapunguza hewa ukaa kiasi gani? – Fundi, Urambo

JIBU: Marahaba, fundi. Mota ya klachi huzunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata unapopanga kola au kuongea na mteja. Ya sevo inakula umeme mguu unapokanyaga tu, na mara nyingi huokoa zaidi ya nusu ya umeme wa cherehani. Ikifa ya klachi, nunua ya sevo. Kuitupa iliyo nzima, hatukushauri. Kumbuka ile asilimia 7: ushonaji wote ndiyo hiyo. Hewa ukaa iliyo dukani mwako imejikunja ndani ya majora, ilishatoka wakati kitambaa kinasokotwa na kutiwa rangi, na sehemu yake inaishia sakafuni kila unapokata.

Pima. Kusanya mabaki ya wiki moja kwenye gunia, yapime kwa mizani, linganisha na uzito wa kitambaa ulichokata. Asilimia 15 ni kiwango kinachoonekana sana kwenye ukataji wa nguo. Kwenye majora yenye jumla ya mita 100 ni mita 15 ulizolipia na kuzifagia. Ukifika asilimia 9 umepata mita 6, na mita hizo hazikulazimu kiwanda chochote kutengeneza kitambaa kingine.

Njia ni hizi. Pima upana wa kila jora linapofika, maana la sentimita 114 na la 150 hayapangwi sawa. Kitambaa kisicho na upande, kama tetroni ya sare, pindua patani moja kichwa chini ili upana wa sketi hii uingie kwenye wembamba wa ile. Usikate saizi moja peke yake: saizi ndogo za darasa la kwanza zinajaza mapengo ya saizi kubwa. Chora jora zima kwa chaki kabla mkasi haujagusa, na tandaza tabaka zisizozidi unazoweza kuzikata bila kusogea. Tabaka zikiteleza, vipande vya chini vinatoka na kasoro, na akiba yote imepotea. Pamba iloweke na kuianika kabla ya kukata, kwa sababu huweza kunywea asilimia 3 hadi 5 ikifuliwa, na sare iliyorudishwa ni hasara mara mbili.

Zaidi ya yote, acha pindo la sentimita 8 kwenye sketi na suruali, na sentimita 2.5 pembeni. Mtoto akirefuka, mama anafumua tu. Sare inayovaliwa miaka miwili badala ya mmoja imeondoa haja ya sare nzima ya pili, pamoja na rangi yake na nyuzi zake. Hakuna mota itakayokupa hilo. Tetroni ina poliesta itokanayo na petroli na hutiwa rangi kwenye joto la nyuzijoto 130 hivi, kwa hiyo inaanza na deni kubwa. Lakini haichakai upesi kwenye kiwiko na goti. Kwa sare ya kila siku tunaikubali, mradi ishonwe ya kudumu. Mabaki yake usiyachome, moshi wake ni sumu. Yafanye mifuko ya ndani, kifuniko cha kola, au ujazie mito.

SWALI: Pasi ya mkaa au ya umeme? Jirani anasema ya mkaa ni ya asili. – Kasulu

JIBU: Ya umeme, ikiwa umeme ni wa gridi. Mkaa wa tanuri la udongo hula kilo 8 hadi 10 za kuni kwa kila kilo moja ya mkaa. Kigoma iliwashwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na huenda jirani anakumbuka enzi hizo. Jenereta hutoa uniti 3 hivi za umeme kwa lita, na lita hiyo inaacha kilo 2.7 za hewa ukaa. Gridi ya Taifa ina maji na gesi kwa wingi, hailingani kabisa na jenereta. Piga pasi nguo zote kwa mfululizo, zikiwa na unyevu kidogo, anza na tetroni pasi ikiwa ya uvuguvugu na umalizie na pamba.

SWALI: Mimi ni mkulima wa pamba Igunga. Kila msimu tunaagizwa kung'oa na kuchoma mabua. Si ni moshi wa bure? Pia, je, rangi za magome ya miti ni safi kuliko za dukani? – Mkulima, Igunga

JIBU: Agizo la kung'oa mabua lifuate, ndugu mkulima, kwa sababu funza wa vitumba na wadudu wengine hupita msimu humo. Lakini hakuna sababu ya moto huo kuwaka shambani. Mabua makavu yana joto linalokaribia la kuni. Yakate urefu wa mkono, yafunge mizigo, uwauzie watia rangi, wachoma matofali na mama lishe, yachomwe jikoni badala ya miti ya pori. Sharti ni moja: yaishe yote kabla ya mvua za kupanda. Rundo linalobaki nyuma ya nyumba hadi Novemba ni ghala la wadudu, nalo litakugharimu dawa.

Pamba yako yenyewe, ya mvua na yenye mbolea kidogo ya chumvichumvi, haina mzigo mkubwa wa hewa ukaa shambani. Usiivunie kwenye viroba vya sandarusi: nyuzi za plastiki zinaingia kwenye pamba, hazishiki rangi, na kitambaa kizima kinatoka na madoa kiwandani baada ya joto lote kutumika.

Magome: hapana. Kuyachemsha saa moja au mbili kunakula kuni nyingi kuliko rangi ya baridi, na mti uliochunwa kuzunguka shina lote unakufa. Ukitaka rangi ya asili, chukua maganda ya vitunguu sokoni, uzito sawa na kitambaa. Loweka kitambaa kwanza kwenye shabu, gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa, maganda yachemke nusu saa chini ya mfuniko, kisha kitambaa kilale humo usiku bila moto. Utapata njano ya dhahabu. Kianike kivulini, jua kali huififisha.